Kigingi Hakiondoki

Kwa mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Oriano, fundi bomba, miaka hamsini na minane, na mwaka mzima huu mkosi umepanga chumba kwangu wala haulipi kodi.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nilivyoharibu. Mwaka jana, katika safari ya klabu yetu ya pikipiki, niliacha njia panda niliyokabidhiwa nikaenda kunywa kahawa. Kahawa yenyewe ilikuwa mbaya. Nyuma yangu watu wanane walishika njia isiyo yao, na mmoja wao, Learco, rais wetu, akaangukia kwenye machimbo ya mawe akavunjika nyonga. Hajapanda pikipiki tena tangu siku hiyo. Beji yangu ikachukuliwa, na kila Jumapili nimekuwa nikiendesha peke yangu, utadhani nina upele.

Wiki iliyopita hadithi yangu iliishia mkutanoni. Learco aliuliza nani yuko tayari kunidhamini nirudi kwa siku moja ya majaribio, katika safari ya kufunga msimu. Watu wote walianza kutazama viatu vyao. Mkono mmoja ukanyanyuka, wa Sauro kinyozi.

"Akiondoka tena," Sauro alisema, "chukueni na beji yangu."

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Kuna sehemu yake sijamwambia mtu yeyote, hata padri.

Kwanza mjue sheria yetu, maana balaa lote limetoka humo. Sisi hatutumii ramani wala mashine za kuelekeza njia. Learco anaziita ugonjwa. Anayeongoza msafara akifika njia panda ananyoosha kidole chini, na anayemfuata anasimama pale pale. Huyo tunamwita kigingi. Kazi yake ni kuwaelekeza wenzake, mmoja mmoja, mpaka apite wa mwisho, ambaye amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Huyo wa mwisho ni ufagio. Nyuma ya ufagio huja gari la kubeba pikipiki zilizoharibika.

Ufagio akipita, kigingi anaondoka naye. Kabla ya hapo haondoki. Mvua inyeshe, mkojo umbane, mama mkwe afe, haondoki.

Asubuhi ya safari tulikutana mbele ya baa yetu ya siku zote. Kulikuwa na baridi ya Oktoba, ile ya kupuliza vidole. Pikipiki zilikuwa zimepangwa mpaka mbele ya kanisa, na watu walikuwa wanabishana kama kawaida, huyu anasema injini ya mwenzake inakohoa, yule anamwambia heri inayokohoa kuliko isiyowaka. Mwaka mzima nilikuwa nimeyakosa hayo. Hata matusi yao nilikuwa nimeyakosa. Nilisimama katikati yao nikinusa petroli na kahawa, na machozi yakanilengalenga, nikajifanya napangusa miwani.

Learco aliniita kando ya gari. Siku hizi yeye ndiye dereva wa gari la kubeba pikipiki, kwa sababu nyonga yake haimruhusu kitu kingine. Fikirieni mtu aliyeendesha pikipiki miaka hamsini anakaa nyuma ya msafara akitazama migongo ya wenzake, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Hakunisalimia.

"Nitakupa njia panda moja tu," alisema. "Ile ya juu ya kiwanda cha mbao. Utakaa mpaka Sauro apite. Ukikaa, beji tutaizungumza mezani. Ukiondoka, usije hata kwenye mazishi yangu."

Nikaapa. Niliapa kwa roho ya marehemu mama yangu, jambo ambalo mama mwenyewe angenipigia kofi.

Sauro ndiye aliyekuwa ufagio siku hiyo. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, na nilijua kwa nini. Tumeendesha pamoja miaka thelathini na moja. Alikuwa shahidi kwenye ndoa yangu, na ndoa ilipovunjika alikuja na pikipiki yake akanibebea masanduku mawili mawili, safari nne, kwenda na kurudi, hakuuliza swali hata moja. Ni mtu mfupi, mcheshi, na kwenye pikipiki yake amefunga honi aliyoing'oa kwenye basi bovu. Inalia kama ng'ombe. Mkoa wetu wote wa Romagna hakuna ya pili.

Alikuja akanikaza mkanda wa helmeti kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea.

"Wewe kaa tu," alininong'oneza. "Mimi ndiye nitakayekutoa pale."

Tukaondoka. Saa nne na nusu hivi aliyeongoza akanyoosha kidole chini, nami nikasimama. Njia ya kulia inapanda mlimani, kwenye mgahawa tuliokuwa tumeagiza chakula. Ya kushoto inateremka bondeni. Mimi nikasimama katikati, mkono umenyooka kulia, nikawa kigingi.

Wakaanza kupita. Jamani, watu wana kumbukumbu. Kila aliyepita alinipigia honi na kunitupia neno. Mmoja aliniuliza kama ningependa sukari. Mwingine akaniambia kuna baa nzuri kilomita mbili mbele, nikimbie kabla haijafungwa. Wa tatu alikuwa amejiandaa tangu nyumbani: alinirushia pakiti nzima ya kahawa, ikanipiga kifuani. Nikacheka nao. Unafanyaje? Mwenye kosa hana mdomo. Lakini ndani nilikuwa natokota.

Kufika saa tano wote walikuwa wamepita, isipokuwa Denis muuza matairi, Sauro, na gari la Learco. Nikasema sawa, dakika tano.

Zikapita kumi. Zikapita ishirini. Barabara ikawa kimya, msitu ukawa kimya, na simu yangu haikuwa na mtandao hata wa kusingizia.

Ndipo mawazo yakaanza kunicheza. Denis ndiye bingwa wa utani klabuni. Yeye ndiye aliyeanzisha hayo ya kunipigia honi. Mwezi wa nne alinitumia ujumbe kwamba wenzangu wananisubiri ziwani, wamenisamehe. Nikaendesha saa mbili kwenye mvua. Ziwani palikuwa na bata. Basi nikajiambia: Denis hayupo, Sauro hayupo, gari halipo. Hawa wamejificha mahali wananicheka. Wanataka kuona nitachukua muda gani kabla sijaondoka.

Nikavua helmeti nikaiweka juu ya tanki, nikakaa kwenye jiwe. Kama ni mchezo, nikasema, leo wamempata mchezaji.

Ilikuwa yapata saa tano na nusu niliposikia honi.

Milio mifupi mitatu, mmoja mrefu. Ilikuwa ya Sauro, nisingeweza kukosea. Ilitoka chini, nyuma ya kona ya kwanza, kiasi cha hatua mia nne kutoka nilipokaa. Nikasimama, nikavaa helmeti, nikasubiri atokeze.

Hakutokeza.

Ikalia tena, mifupi mitatu, mmoja mrefu. Halafu kimya. Halafu tena.

Hapo damu ikanipanda. Nikaona yote kwa macho ya moyo wangu: Sauro na Denis wamesimama nyuma ya kona, wameshika mbavu, na Denis ameshika simu tayari kunipiga picha nikiacha njia panda. Wanipeleke mezani na picha. Wacheke mpaka Krismasi. Hata Sauro, nikajiambia, hata Sauro ameungana nao. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nikavua helmeti nikakaa tena. Safari hii niliipa kona mgongo.

Na sasa ndiyo ile sehemu ambayo sijamwambia mtu.

Alitoka msituni mama mmoja mzee na kikapu cha uyoga. Alinitazama, akatazama kule chini, akanitazama tena.

"Mwanangu," alisema, "kuna mtu anaita kule."

"Haiti, mama. Ni wenzangu wananitania. Wanataka niondoke hapa."

Alisikiliza kidogo. Honi ikalia tena wakati huo huo, lakini ile mifupi ilikuwa miwili tu, na ule mrefu ulikatikia njiani.

"Utani mrefu huo," alisema yule mama. Akainua kikapu chake akashika njia yake. Sijui jina lake wala anakoishi, na mpaka leo nikiona mwanamke mwenye kikapu sokoni navuka barabara.

Honi ililia mara moja zaidi, nyembamba, kama ndama. Kisha haikulia tena.

Nami nilifurahi. Sitawaficha, nilifurahi. Nikasema wamechoka, nimewashinda. Nilipiga paja langu nikacheka peke yangu pale juu ya jiwe. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limekufa kwa kiburi.

Mtu ataniuliza, Oriano, si ulikuwa umeapa? Nilikuwa nimeapa, ndiyo. Na baadaye nilijaribu sana kujificha nyuma ya kiapo hicho. Lakini hatua mia nne si mbali. Ningeweza kutembea mia mbili, nikachungulia kona, huku njia panda bado naiona. Hakuna sheria inayokataza kuchungulia. Kilichonikalisha ni hasira. Sikutaka wanione nimejali.

Gari la Learco lilitokea saa sita na dakika ishirini. Lilisimama mbele yangu, na nyuma yake niliona pikipiki ya Denis imefungwa kamba. Denis mwenyewe alikuwa amekaa mbele, mikono imejaa grisi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu, makali, ya kuwatosha wote.

Learco akateremsha kioo. "Sauro yuko wapi?"

"Mnaniuliza mimi? Hajapita."

"Hajapita vipi?" Akazima injini. "Cheni ya Denis ilikatika kule darajani, tukabaki kupakia. Sauro alitangulia zamani. Alisema anakuja kukaa na wewe, usisimame peke yako."

Nikashika mlango wa gari. Denis alinitazama, kisha akatazama barabara waliyotoka, na uso wake ukabadilika rangi.

Learco aligeuza gari pale pale, magurudumu mawili yakapita kwenye majani. Niliruka nyuma kando ya pikipiki ya Denis. Kwenye kona, ukiwa unapanda, huoni kitu, ndiyo maana walikuwa wamepita bila kujua. Lakini ukiteremka, kama tulivyokuwa tunateremka sasa, unaiona kokoto imechorwa mstari mmoja mrefu, na mwisho wa mstari kichaka kimevunjika.

Denis aliruka kabla gari halijasimama. Akachungulia, akapiga kelele jina la Sauro, akateremka kwa makalio.

Alikuwa chini mita sita au saba. Pikipiki ilikuwa imemlalia mguu. Nilikiona kile kizibao cha rangi ya chungwa, na mkono mmoja umenyooka mpaka kwenye usukani. Dole gumba lilikuwa bado juu ya swichi ya honi.

Learco hangeweza kuteremka. Alisimama ukingoni na fimbo yake, akawa anatoa maagizo. Simu yake, ya mtandao mwingine, ilikuwa imeshika kidogo, akapiga kuita gari la wagonjwa. Alipomaliza aligeuka akatazama juu. Kati ya miti, pale alipokuwa amesimama, pikipiki yangu ilikuwa inaonekana.

"Kutoka hapa mpaka pale ni pua na mdomo," alisema polepole. "Hukusikia kitu?"

"Sikuondoka pale, Rais. Hata hatua moja."

Lilikuwa jibu zuri. Kila neno lake lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo.

Aliweka mkono wake begani kwangu. Mwaka mzima mtu yule hakuwahi kunigusa.

"Najua," alisema. "Nimekukuta."

Nikataka kusema. Haki ya Mungu, mdomo ulifunguka. Lakini hakunipa nafasi. Aliniambia gari la wagonjwa litatoka bondeni, dereva hazijui njia za huku, arudi mtu njia panda amwelekeze. Na mtu huyo ni nani? Nani mwingine? Nilirudi mbio, nikasimama pale pale, mkono umenyooka safari hii kuelekea kona. Robo saa nzima nimenyoosha mkono kwa mtu ambaye sikuwa nimetaka kumgeuzia hata shingo.

Gari likaja, likateremka, likapanda tena. Lilipita mbele yangu na king'ora, pazia limefungwa. Sikumwona.

Denis alikuja nyuma kwa miguu, matope mpaka kiunoni, analia waziwazi. Sikuwahi kumwona Denis akilia. Alinikumbatia, mtu aliyenituma kwa bata, akaniambia Sauro alikuwa na fahamu muda wote. Wakati wanamtoa aliuliza mambo mawili. La kwanza, saa ngapi. La pili, kama Oriano ameondoka njia panda.

"Nikamwambia hujaondoka," Denis alisema. "Akacheka, Oriano. Kisigino kimegeukia mbele, na bado anacheka. Akasema mpeni beji yake leo leo, asingoje mkutano."

Nilimwambia Denis sitaki beji. Akadhani ni uchungu. Akanipigapiga mgongoni.

Mgahawani walikuwa wameshapata habari. Nadhani hakuna meza ya waendesha pikipiki katika nchi nzima ya Italia iliyowahi kuwa kimya namna ile. Tambi zilikuwa zimeletwa, mapande makubwa ya kondoo yakafuata, na hakuna aliyegusa. Mwenye mgahawa alikuwa anapita na chupa ya divai asijue ampe nani. Yule aliyenirushia pakiti ya kahawa alisimama akanipa kiti chake.

Nives, mke wa Sauro, alikuwa ameshafika hospitali. Alimpigia Learco simu, Learco akatusomea yale aliyoambiwa kama anayesoma barua. Mguu ulikuwa umebanwa muda mrefu, damu haikupita. Wanampasua alasiri hiyo hiyo. Watajaribu kuuokoa, lakini asiahidiwe mtu chochote. Daktari alimwambia Nives kwamba angefikishwa saa moja mapema, wangekuwa wanazungumza habari nyingine kabisa.

Saa moja. Hesabuni wenyewe. Mimi nilihesabu pale pale mezani, chini ya kitambaa, kwa vidole.

Learco akasimama na fimbo. Alitoa kitu mfukoni, na kabla hajafungua kiganja nilijua ni nini. Alisema leo imekuwa siku mbaya, lakini kuna mtu mmoja alisimama mahali pake karibu saa mbili, peke yake, bila kujua kinachoendelea, kwa sababu alikuwa ametoa neno lake. Alisema yeye Learco alikuwa na haki ya kumchukia mtu huyo kuliko wote waliomo ukumbini, na kwa mwaka mzima alikuwa ameitumia haki hiyo. Leo anaiweka chini.

"Rais," nilisema, "kuna jambo."

"Baadaye."

"Kuna jambo nataka—"

"Oriano, ndugu yangu, unaona haya, tunajua. Simama uvae."

Nikasimama. Nawaomba mnielewe, nilikuwa nimeota dakika ile usiku na mchana. Nilikuwa nimeona hata rangi ya vitambaa vya meza. Learco alinibandika beji kifuani, ikamchukua muda kupata tundu. Wakaanza kupiga meza kwa viganja, kama tunavyofanya sisi badala ya makofi. Walipiga polepole, bila kelele, kwa heshima ya Sauro. Nikayasikia yale mapigo mpaka kwenye meno. Nikasema nitawaambia kesho. Nikasema nitamwambia Learco peke yake. Nikasema nitamwambia Sauro akishapona, yeye kwanza, maana yeye ndiye mwenye haki. Nilikuwa nimeshapata sababu tatu nzuri kabla beji haijakaa sawa.

Simu ya Learco ikalia.

Aliitazama. "Nives," alisema. Watu wote wakaacha kupiga meza. Mtu akasema weka spika, sote tusikie, na Learco akaweka spika, akailaza simu mezani kati ya vyungu vya chakula kilichopoa.

Haikuwa sauti ya Nives. Ilikuwa ya Sauro, imelegea kwa dawa, inatoka mbali.

"Mnakula?"

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Learco akamwambia hakuna anayekula. Sauro akasema ni ujinga, kondoo wa pale akipoa hafai. Akauliza kama Oriano yupo. Nikasukumwa mbele, mikono mitano au sita mgongoni.

"Nipo, Sauro."

"Umeipata beji?"

"Nimeipata."

"Vizuri." Tulimsikia anapumua. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na za magurudumu ya kitanda. "Oriano, hawa wananichukua sasa hivi. Nataka kujua kitu kimoja tu kabla hawajanilaza. Nilikupigia honi mpaka dole gumba likafa ganzi. Ilikufikia? Kama haikufikia, basi, nikitoka humu nafunga ya treni."

Mtu mmoja akacheka kidogo halafu akaacha.

Niliitazama ile simu. Sikutaka kutazama nyuso, lakini nilizihisi. Learco alikuwa ameegemea fimbo yake upande wangu wa kushoto, bado ana tabasamu dogo la kuninadi mbele ya watu, tabasamu la mtu aliyesamehe. Nilikuwa na neno moja la kusema. La "hapana" lilikuwa jepesi. Lingempa mgonjwa amani, lingenipa mimi klabu yangu, na hakuna ambaye angelichunguza maisha yake yote.

Nikalifungulia mdomo. Halikutoka. Nikajaribu tena. Nikaona jasho langu linadondoka kwenye kitambaa cha meza. Denis akanigusa kiwiko, akaninong'oneza nijibu, mtu anasubiri. Nilikuwa nasikia kule upande wa pili mlango unafunguliwa, mwanamke anasema jambo, magurudumu yanasogea. Sijui nilikaa kimya muda gani. Walionitazama waliniambia baadaye ni karibu dakika nzima.

Mwishowe nikainama karibu kabisa na simu.

"Ilinifikia," nilisema. "Mara zote tano, Sauro. Nilisikia nikakupa mgongo. Nilidhani unanicheka, na sikutaka kukupa raha hiyo. Si kiapo, wala si sheria. Nilikusikia nikakaa."

Nilisikia fimbo ya Learco inateleza, inaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Nikaita jina lake. Nikaita tena.

"Oriano." Ilikuwa sauti ya Nives, tulivu, ya karibu sana. "Wameshamwingiza. Alingoja jibu lako mpaka mlango ukafungwa, akaingia bila kulipata. Aliyekusikia ni mimi."